Painti Mbili za Jumapili

Sikiliza, wewe unayeanza kazi hii ya kutunza seva za watu. Sogea karibu, hatuna haraka. Nitakueleza jinsi jina linavyotafutwa kwenye intaneti, na nitakueleza siku niliyolitafuta huku mtoto akisubiri damu, kwa sababu sijui kufundisha hilo la kwanza bila hili la pili.

Nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi ndogo mjini Kakamega, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Tulitunza mfumo mmoja tu. Hospitali tatu za eneo letu ziliandika humo kila zilipopokea damu au kuitoa, na zahanati za vijijini zilifungua ukurasa wetu kuona damu ya kundi fulani iko wapi. Huku kwetu watoto wenye selimundu si wachache. Mtoto kama huyo akiishiwa damu, hakuna muda wa kuzunguka naye. Kabla ya mfumo, muuguzi alipiga simu hospitali moja baada ya nyingine, na mara nyingi simu ililia tu juu ya meza isiyo na mtu.

Jumapili moja tuliuhamisha mfumo. Tuliutoa kwenye seva kuukuu tukaupeleka kwenye kompyuta za kukodi, zile zinazoitwa wingu. Huko tulikuwa na seva mbili, na mbele yake kigawa mzigo. Mfikirie karani wa mlangoni pale zahanati. Hatibu mtu. Kazi yake ni kusema wewe nenda chumba hiki, wewe nenda kile, na chumba kimoja kikifungwa anawaelekeza wote kwenye kingine. Wageni hawahitaji kujua vyumba, wanamjua yeye. Basi jina la mfumo wetu lilipaswa sasa kumwelekeza kila mtu kwa karani huyo. Maelekezo hayo huandikwa kwenye daftari la majina la intaneti, yaani DNS: jina upande huu, mahali pa kwenda upande wa pili. Seva kuukuu tuliiacha ikiwaka wiki moja zaidi, ikiwa na hesabu za damu za Jumapili, kama tahadhari tu.

Jumatano, saa tisa alasiri, mvua ilikuwa inapiga mabati na radi ilikuwa karibu. Simu yangu ikalia. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya upande wa Butere. Niliwahi kuwaambia wauguzi wote kwamba ukurasa ukikataa wanipigie mimi, na walilipenda jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Hata ukurasa ukiwa wazi mbele yao, walipenda mtu awasomee. Nami, kusema kweli, nilipenda kuwa mtu huyo.

“Fundi,” alisema, “wewe ndio unakulanga mshahara ya hii kompyuta. Mtandao wangu umeliwa na radi. Nisomee, O hasi iko wapi?”

Alinieleza haraka. Msichana wa miaka sita, macho ya manjano, viganja vimepauka, anahema. Baba yake mdogo alikuwa amekuja na gari na injini ilikuwa inanguruma tayari. Walichosubiri ni kuambiwa waelekee wapi.

Nilifungua ukurasa, ukafunguka mara moja. Nikamsomea: painti mbili za O hasi, hospitali ya barabara ya Kisumu, kupita Mukumu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia naiona mbele yangu.

“Basi wanaenda,” akasema, akakata.

Nilikuwa karibu kufunga ukurasa nilipoona mstari mdogo wa chini kabisa, ule unaoonyesha hesabu zilibadilishwa lini mara ya mwisho. Ulisema Jumapili. Hospitali hizi huandika mara nyingi kwa siku moja.

Nilipiga simu maabara ya hospitali ile. Ililia mpaka ikakatika. Nikampigia muuguzi, nikaambiwa hapatikani. Nikasimama, nikaketi tena. Kulikuwa na mambo mawili, na yote mawili yalinitisha. Huenda ni kompyuta yangu tu iliyokuwa inaangalia seva kuukuu. Au huenda jina lilikuwa bado linazielekeza zahanati kule huku hospitali zikiandika kwenye seva mpya, na kila zahanati ilikuwa imesoma damu ya Jumapili kwa siku tatu, na hakuna aliyejua. Nilianza kuwaza magari mengine, watoto wengine. Nikajilazimisha kuacha kuwaza na kuanza kuuliza.

Hivi ndivyo unavyouliza. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika dig, nafasi, +short, nafasi, halafu jina. Amri hiyo huenda moja kwa moja kwenye DNS na kukuletea jibu lenyewe tu, bila maelezo. Nilikosea herufi mara mbili. Mara ya tatu ikaleta mistari mitatu: jina refu la kigawa mzigo chetu, kisha anwani mbili za namba. Hiyo ilikuwa habari njema, lakini bado haikutosha. Majibu ya DNS hunakiliwa njiani na kutunzwa kwa muda, kwa hiyo unaweza kujibiwa na jirani aliyenakili badala ya mwenye daftari. Nikarudia amri, safari hii nikiweka alama ya @ na jina la seva ya majina ya kampuni yenyewe ya wingu. Mistari ile ile.

Nikapanda ngazi moja tena. Kampuni za wingu zina amri zao. Moja ilinionyesha rekodi zote zilizoandikwa chini ya jina letu, nyingine ikanitajia kigawa mzigo chetu kinaitwaje. Majina hayo ni marefu na yamejaa namba, na ni rahisi mno kuona yanafanana hali hayafanani. Niliweka kidole kwenye skrini nikayasoma herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Yalikuwa sawa.

Basi daftari la ulimwengu lilikuwa sahihi. Mbona ukurasa wangu ulikuwa wa Jumapili?

Nikaandika getent hosts na jina lile lile. Amri hii haiulizi DNS peke yake. Inauliza: wewe kompyuta, ukitaka jina hili, unakwenda wapi hasa? Ikaleta anwani moja. Ya seva kuukuu.

Hapo nikajua, na nikaona aibu. Mwaka uliotangulia, kila mvua iliponyesha, laini ya ofisi ilishindwa kutafuta majina. Mwenzangu na mimi tukaandika anwani ya seva kwa mkono kwenye faili dogo la kompyuta, /etc/hosts, ili kazi iendelee hata mvua ikinyesha. Tulisifiwa kwa hilo. Kompyuta husoma faili hilo kabla ya kumuuliza mtu yeyote, lakini dig hailisomi kabisa. Ndiyo maana amri hizo mbili zilijibu tofauti na wala hakuna iliyodanganya.

Nikafuta mstari ule, nikafungua ukurasa upya. Hospitali ya barabara ya Kisumu: O hasi, hakuna. Zote mbili zilitolewa Jumatatu. Mjini: hakuna. Upande wa Mumias: painti moja.

Mumias ni njia nyingine kabisa. Nilitazama saa. Gari lilikuwa limekwenda zaidi ya dakika kumi.

Muuguzi alipatikana nilipojaribu kwa mara ya nne. Nilimwambia bila salamu. “Sista, nimekusomea vibaya. Iko Mumias, moja tu. Wageuze.”

“Si ulisema unaiona?”

“Niliona ya Jumapili.”

Hakunigombeza. Alinipa namba ya yule baba mdogo, akasema niwaambie mwenyewe, yeye atapigia Mumias waiweke kando kabla haijachukuliwa.

Simu ilipokelewa na mama wa mtoto. Nilijieleza, nikamwambia mimi ndiye niliyewatuma huko na kwamba nilikosea. Nilisikia mvua kwenye paa la gari, na dereva, yule baba mdogo, akiuliza ni nani huyo. Mama akamwambia. Dereva akasema kwa sauti niisikie, “Saa hii ako na mbili kule, baadaye ako na moja huku. Huyo anauzanga samaki ama damu?”

Chini ya sauti yake nilisikia pumzi za msichana, fupi, za haraka, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

“Baba,” mama akaniambia polepole, “mara ya kwanza pia ulisema unaiona. Sasa nikuamini na nini?”

“Mara ya kwanza sikuuliza,” nikamwambia. “Sasa nimeuliza kila mahali pa kuuliza. Mama, geuzeni.”

Nikasikia akimwambia shemeji yake neno moja: “Geuza.”

Nilizunguka ofisi nzima nikafungua kompyuta nyingine tatu. Zote zilikuwa na mstari ule, kwa mkono wetu wenyewe. Nilimuuliza mwenzangu kama amemsomea mtu yeyote tangu Jumapili. Akafikiri, uso ukambadilika, akasema muuguzi mmoja, jana, kundi A. Tukaipigia zahanati yake huku tumesimama. Mgonjwa wao alikuwa amepata. Ilikuwa bahati, haikuwa kazi yetu.

Baada ya hapo kulikuwa na kusubiri tu. Mvua ilikatika, duka la chini likafungwa. Sikuthubutu kumpigia mama, nisije nikasikia kimya badala ya zile pumzi. Ilikaribia saa kumi na mbili ujumbe wa muuguzi ulipoingia: “Imeanza kuingia.” Kesho yake akaniambia mtoto ameomba uji. Hakuniambia kwamba zile dakika zilizopotea hazikumdhuru, nami sikuuliza.

Kwa hiyo, kabla hujamsomea mtu kilicho kwenye skrini yako, andika dig +short na jina, halafu getent hosts na jina hilo hilo, ulinganishe namba moja moja. Zikitofautiana, mwambie anayesubiri kwenye simu asiondoke bado, kisha fungua /etc/hosts.