Mwewe Aliyegonga Ndege ya Saa Mbili na Nusu

Nilitumwa kwa Mjomba Elia kwa sababu mke wake alikuwa amejifungua na hakukuwa na mtu wa kumpikia. Mama ndiye angekwenda, lakini kahawa yetu ilikuwa imeiva yote kwa mpigo, na mimi nilikuwa likizo ya kidato cha tatu. "Utakwenda wewe," akasema. "Na usije ukasimama mlangoni kwa watu kama mwizi." Anamjua mwanawe. Mgeni akiniuliza jina, naangalia viatu.

Jumatano saa moja asubuhi nilishuka kutoka kwetu mlimani na mkungu wa ndizi za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama anayopewa mzazi. Usa River nikamkuta dereva wa bodaboda aliyetumwa na mjomba. Tukapita mashamba ya maua yenye mapaa ya nailoni, kisha lami ikaisha, vumbi likaanza. Kwetu ukitazama mbele unaona migomba. Huku chini unaona mbali mpaka unaogopa kidogo. Mlima Meru niliuona wote kwa mara ya kwanza, maana ukiishi juu yake huuoni.

Saa nne nikafika. Uwanja wenyewe uko bondeni kupita Nduruma: njia ndefu ya changarawe iliyoshindiliwa, soksi ya kuonyesha upepo juu ya mlingoti, na nyumba mbili. Hapo zinatua ndege ndogo zinazopeleka watalii mbugani. Mjomba ni mwangalizi. Kabla ya kila ndege kutua au kuruka anapita na pikipiki mwanzo hadi mwisho, akifukuza swala, mbuzi wa watu na makundi ya yangeyange weupe.

"Shikamoo mjomba."

"Sijasikia."

"Shikamoo!"

"Marahaba mama. Hapa ukinong'ona hata nzi hawaondoki."

Akanionyesha jiko, halafu pipa la bati lenye mfuniko mzito. "Taka zote humu, hata ganda la yai. Ukimwaga nje umeita mwewe."

"Mwewe mdogo vile anaifanya nini ndege?"

"Ndege ikiwa kwenye kasi, mwewe ni jiwe," akasema, akaenda zake.

Siku mbili nilimpikia anti mtori, nikafua nepi. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye hasira.

Ijumaa alfajiri mjomba alimchinja mbuzi wa mzazi. Akaniachia utumbo nioshe, akaenda kukagua uwanja, maana kulikuwa na ndege inaingia saa mbili na nusu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mashina matatu ya migomba, miche yake aliitoa kwa bibi mlimani. Nikafanya kama kwetu. Kwetu utumbo huoshewa migombani, mavi ya tumboni yanabaki kwenye shina, na mgomba unanenepa. Nikakamua yote pale, nikamwaga na maji ya damu na vipande vya mafuta. Naandika ukweli: pipa nililiona. Lakini kichwani kwangu taka ni taka, na ile ilikuwa mbolea.

Saa mbili na robo mjomba akapita na pikipiki, akaniinulia kidole gumba. Uwanja safi. Nikaingiza sufuria ndani. Nilipotoka tena, mwewe wanne walikuwa juu ya migomba, mmoja anapanda na kipande mguuni. Papo hapo nikasikia ndege inashuka. Sikumwita mjomba. Nikawapungia mwewe beseni. Wakatawanyika, na wawili wakaelekea uwanjani.

Mmoja akaigonga ndege, mlio kama mtu kapiga debe ngumi moja. Ndege ikayumba, ikagusa chini, ikaenda mpaka mwisho wa njia, ikasimama. Mjomba na mimi tukakimbilia huko.

Rubani alikuwa dada mrefu. Alishuka, akatazama bawa. Ukingo wa mbele ulikuwa umebonyea kama bakuli, una damu. Abiria wawili walikaa chini kwenye changarawe. Hakuna aliyeumia. Rubani akaanza kuokota manyoya na kuyatia kwenye mfuko kwa ajili ya ripoti. Meneja wa uwanja akafika na gari kutoka ofisini.

"Elia, ulikagua?"

"Nilikagua bosi. Saa mbili na robo palikuwa peupe."

"Peupe! Na hii ni nini, kuku?"

"Bosi, naapa."

"Hawa watu wangekufa ungemwapia nani? Lete funguo za pikipiki. Naandika hukukagua, na wiki ijayo nyumba ya kazi iwe wazi."

Mjomba akatoa funguo. Ndani ya nyumba ile alikuwa amelala mtoto wa siku tisa.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyegeuka isipokuwa rubani. Nikasema tena, kwa sauti nisiyoijua: "Ni mimi! Nimeoshea utumbo migombani!"

"Umefanya nini?" meneja akauliza.

Nikawapeleka. Mwewe wawili walikuwa wamesharudi, wananyang'anyana ngozi ya mafuta.

"Mdogo wangu," rubani akasema, "mimi napita hapa juu nikitua."

"Kwetu ndivyo tunavyofanya. Halafu nikawafukuza, wakaja upande wako."

Akamgeukia meneja. "Andika hivyo alivyosema."

Meneja aliandika juu ya boneti. Akamrudishia mjomba funguo, ila hakutabasamu. "Mgeni wako ni juu yako, Elia. Na hiyo migomba itoke leo."

Mchana mjomba aliing'oa. Mmoja ulikuwa na mkungu ambao haujakomaa. Mimi nilichimba shimo la kufika kiunoni, nikafukia uchafu wote, nikatia majivu.

"Nisamehe mjomba."

"Shika jembe," akasema. Hakuniangalia mpaka jioni.

Jumapili saa tatu nilipanda bodaboda kurudi. Mama alikuwa akianika kahawa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Lakini utumbo huoshewa migombani," akasema.

"Hapa ndiyo. Kule migomba mitatu tu, kila kitu kinaonekana kutoka juu."

Hilo ndilo nililojifunza kuhusu mwewe. La kuhusu mimi ni hili. Niliposema "ni mimi", rubani alikuwa amebakiza kufunga ule mfuko wa manyoya. Kama ningengoja aufunge, gari lingeondoka, mjomba angetafuta pa kuhamia na kichanga, na mimi ningerudi nyumbani bila mtu kunilaumu. Wangesema nilivyo mtoto mtulivu. Ndivyo wanavyonisifu siku zote, na siku zote nilikuwa nafurahi, mpaka Ijumaa ile.