Bomba la Hewa Nililolikata, na Wifi Aliyeondoka

Bomba la plastiki, mita tatu na kidogo. Ndilo lililonigharimu wifi yangu na mabinti wawili wa marehemu kaka yangu. Nimepiga hesabu mara mbili, na kila nikijumlisha napata nyumba tupu.

Kosa ni langu. Sina wa kumsingizia tena. Niliyekuwa namsingizia ameshaondoka.

Mimi ni mwanamke mfanyabiashara hapa Mbinga mjini. Nauza mafuta ya kula kwa kipimo, na wanaonijua wanajua siachi shilingi ianguke sakafuni. Kaka alipokuwa anaumwa aliniambia, "Mdogo wangu, wanangu wasitawanyike." Nikamwambia awe na amani. Alipofariki, mkewe akahamia kwangu na watoto. Kwao ni Kihagara, kule Ziwa Nyasa. Mchapakazi, mpole, na jiko langu alilishika kuliko mimi mwenyewe.

Sinki la jiko hilo fundi alilifunga na bomba la ziada. Lilianzia kwenye bomba la maji machafu, likapanda ukutani kwa nje mpaka juu ya paa. Nikamuuliza la nini.

"La hewa, mama. Bila hili sinki litakusumbua."

Nikacheka. Hewa nayo inauzwa? Nilimkata bei mpaka akabeba ngazi yake bila kuaga. Tangu siku hiyo, kila nikilitazama lile bomba niliona pesa yangu imesimama juani.

Msimu wa kahawa ukafika. Nina miche kidogo nyuma ya nyumba, na mpira wa kupeleka maji kwenye mashine ya kumenyea ukapasuka. Dukani walinitajia bei ya mpya nikatamani kukaa chini. Nikarudi nyumbani, nikatazama ukutani. Bomba zima, halipitishi hata tone! Nikajifunga kanga kiunoni, nikapanda ngazi na msumeno, nikalikata, nikaliunga kwenye mashine. Kipande kilichobaki nikakifunika mdomo kwa mfuko wa nailoni na raba, mijusi isiingie. Nikajiona mjanja wa wilaya nzima.

Haukupita muda, sinki likaanza vituko. Maji yanasimama, yanazunguka kama yanafikiria, halafu yanashuka kwa kulalamika: glo, glo, glo. Mtu akimwaga ndoo bafuni, sinki linakoroma jikoni. Kisha ikaja harufu, nzito, ya uozo.

Bomba sikulifikiria hata kidogo. Nilimfikiria wifi! Kwao walikuwa wanamletea samaki, usipa na mbasa, nami nikaamua kwamba magamba yao ndiyo yaliyoziba bomba.

"Wifi, samaki nawaparia nje kwenye beseni," akaniambia. "Njoo uone."

Sikwenda kuona.

Nikamwaga maji ya moto. Nikamwaga dawa ya kuzibulia. Nikachokonoa kwa waya. Wapi! Nikafungua ile kona ya bomba chini ya sinki, nikakuta safi, hakuna hata gamba. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema yameshapita, yamejaa mbele.

Jumapili moja baada ya misa, wenzangu wa jumuiya wamekaa sebuleni, harufu ikatoka jikoni. Mama mmoja akaziba pua kwa kitenge. Nikaona aibu, na aibu ile nikatafuta wa kumtwisha.

"Msishangae," nikasema kwa sauti. "Tangu niingize watu wa ziwani humu, nyumba nzima inanuka samaki. Mama na wanawe!"

Wakacheka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, watoto nyuma yake wameshika vikombe. Akaingia, akamimina chai, hakuruka mtu. Kesho yake asubuhi akaniaga vizuri kabisa, akapanda gari la kushuka Nyasa na wanawe.

Nikasema heri, sasa sinki litapona. Lo! Ndani hakuna samaki hata mkia, harufu ipo palepale.

Siku moja dereva wa lori la makaa ya mawe ya Ngaka akaja dukani. Nilikuwa nimefungua dumu jipya, mawazo yako mbali, nimetoboa tundu moja tu. Mafuta yakawa yanatoka kwa kukwama: glo, glo, glo.

"Mama, toboa na juu hewa iingie!" akafoka. "Au unataka nilale hapa na makaa yangu?"

Sauti ile ile ya sinki langu! Miaka yote natoboa madumu matundu mawili, moja la mafuta, moja la hewa. Hata nikiwa usingizini nalijua hilo!

Nikafunga duka, nikaenda nyumbani karibu kukimbia, nikaurarua ule mfuko. Nikaingia jikoni, nikamwaga ndoo ya maji kwenye sinki. Likayameza yote. Kumbe bomba likikosa hewa, linanyonya hadi yale maji yanayobaki kwenye ile kona ya chini ya sinki kuzuia uvundo usipande. Harufu ilikuwa ya shimo langu mwenyewe la maji machafu.

Nikashuka Kihagara. Nilimweleza wifi yote, bomba, mashine, mfuko. Alinisikiliza huku akigeuza usipa kwenye kichanja. Akanipikia, nikala.

"Nimekusamehe, wifi. Lakini kwako sirudi."

"Sinki limepona, nakuapia!"

"La sinki nimesikia. Na huyu?" Akamwonyesha binti mdogo kwa kidevu. "Mpaka leo akitoka kwenda shule ananusa kwanza mikono yake. Ananiuliza kama bado ananuka."

Nikaaga, nikapanda gari la kurudi Mbinga peke yangu.

Mnaojenga, bomba la hewa liacheni juu lilipo. Na kabla hujamtaja mwenzako mbele ya wageni, akikuita uende ukaone beseni, nenda!

Langu nimelirudisha. Sinki linashusha maji vizuri kuliko siku lilipofungwa. Naoshea humo sahani moja na kikombe kimoja, kazi imekwisha.

Nishaurini, wasomaji wenzangu. Nimfuate tena, au nitamtonesha? Na mkisema niende, niambieni nibebe nini. Safari ile nilimpelekea dumu zima la mafuta. Alilipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akatoka na pesa, akanilipa. Hakuomba hata nimpunguzie.