Marahaba Niliyomnyima

Kwetu mtoto akikuamkia shikamoo unaitikia marahaba, hata kama jana alikuibia kuku. Ndivyo tulivyolelewa. Mimi nilikataa kuitikia, mchana kweupe, mbele ya wazee, na mpaka leo wapo wanaoniona mkosefu kuliko polisi aliyenivunja mkono. Haya, nitaeleza yote, halafu wanione watakavyo.

Mimi napika mnadani. Mnada wa mifugo wa kwetu, huku kaskazini ya mji wa Singida, unaleta watu hata kutoka Sepuka na Mgori, na wote wanataka kula. Ugali wa mtama, mlenda, kuku wa kienyeji wa mchuzi: kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu tangu baba yao afariki. Siku ile vijana wawili waligombania beberu, wakashikana mashati, ndugu zao wakaingia, fimbo zikaanza kulia. Mtu akawapigia simu polisi. Gari lao lilipofika, waliopigana walikuwa wamekwisha kutokomea porini, na beberu wao. Tuliobaki ni sisi wenye masufuria, maana nani atakimbia na ugali wa moto?

Basi wakaanza na sisi. "Tawanyikeni! Tawanyikeni!" Mmoja wao, kijana wa rika la kitinda mimba wangu, akalipiga teke jiko la jirani yangu, kisha akaja kwangu. Nikasimama mbele ya sufuria langu. Nikamwambia, "Mwanangu, waliopigana wameelekea kule. Hapa kuna chakula tu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtoto wa mwenzangu."

Kosa langu lote ni hilo. Rungu likashuka, nikakinga kwa mkono wa kulia, na mlio wa mfupa niliusikia mwenyewe. La pili lilinipata begani nikiwa nimeshainama. Kisha akaniambia nipige magoti, nimwamkie, nijifunze adabu. Mbele ya mnada mzima! Wateja wangu, wakwe zangu, vijana niliowanywesha uji wakiwa hawajui kuvaa suruali. Nilipiga magoti. Nikasema, "Shikamoo, afande." Akaitikia, "Marahaba," akacheka, akaenda zake. Mkono uliuma, sikatai. Lakini ile marahaba yake iliniuma zaidi, na hospitali hawana dawa yake.

Na hospitali penyewe ukiwa umepigwa hawakushughulikii bila ile fomu ya polisi, PF3, na fomu inatoka kituoni. Kesi ya ngedere, hakimu nyani! Nikaenda hivyo hivyo, mkono nimeufunga kwa khanga. Askari wa kaunta akaniuliza, "Umepatwa na nini, mama?"

"Nimepigwa."

"Na nani?"

"Na mwenzako, yule pale anayekunywa chai."

Akaiweka kalamu chini. Akanishauri niseme nimeanguka, mambo yawe mepesi. Nikamwambia, "Andika nimeangukia rungu la serikali." Hakuandika. Nikaketi kwenye benchi lao nikalia kwa makusudi, kwa sauti, kila anayeingia namwonyesha mkono na namwonyesha aliyeuvunja, mpaka wakanipa fomu ili niwaondokee.

Mkono ulipopoa kidogo nikaenda mjini kwa mawakili wa msaada wa kisheria. Nikapewa binti mmoja, mwili mdogo lakini ulimi wembe, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunihurumia, na hilo nililipenda. Akaniambia tutamshitaki askari pamoja na serikali iliyomwajiri. Habari ikafika kijijini kabla yangu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu na mkubwa wa ukoo, alikuja asubuhi yake. Nikampa kigoda, nikamwamkia, akaitikia.

"Shemeji," akasema, "serikali haishitakiwi. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe niende wapi? Jiko ni langu."

"Watakumaliza."

"Wamalizie basi. Robo wameshachukua."

Aliondoka bila kumaliza chai yake. Mdomo wangu ni mkali lakini moyo si jiwe. Niliogopa sana. Nilifikiri watakuja kunibambikia gongo au bangi, nifungwe mimi, na wajukuu nawalea mimi.

Majibu ya upande wa pili yalipokuja, binti wakili alinisomea. Yule askari alikuwa amesema hanijui. Hajawahi kuniona, hajawahi kunigusa, watu walikanyagana nami nikaanguka. Na mashahidi je? Mnada mzima uliona, lakini nilipowafuata mmoja mmoja, kumbe siku ile kila mtu alikuwa anaangalia upande mwingine! Wengine walikuwa chooni. Choo kile cha mnadani kina tundu moja, sijui walienea vipi. Basi kesi yangu ikabaki hivi: neno langu peke yangu, na neno la askari. Nikishindwa, itabaki imeandikwa mahakamani kwamba mimi ni mwongo.

Kabla hatujaitwa kusikilizwa, shemeji akaja tena. Safari hii alikuwa na wazee wawili, na nyuma yao yule kijana, hana sare, amevaa shati jeupe, anavuta mbuzi kwa kamba. Nikaelewa papo hapo. Kwetu jambo humalizwa hivyo: mkosaji anakuamkia, unaitikia, mnaketi, mbuzi anachinjwa, mkishakula pamoja neno limekufa. Baada ya hapo ungekwenda mahakamani kufanya nini? Ungefuta kesi kwa mkono wako mwenyewe, ule mzima.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua.

"Shikamoo, mama." Sasa ameinamisha kichwa kabisa.

Shemeji akanisemesha Kinyaturu, ili mgeni asielewe: niitikie upesi, nisiwaaibishe. Nami nikajibu Kiswahili, ili mgeni aelewe vizuri. "Mimi na huyu tulishaamkiana mnadani. Yeye ndiye mkubwa, mimi ndiye mdogo, aliitikia mwenyewe. Mkubwa hamwamkii mdogo. Aende na mbuzi wake."

Mama yangu weee! Ningemtukana askofu wasingenisema vile. Kisimani, kanisani, kwenye mashine ya kusaga, habari ni moja: yule mama amekataa marahaba. Habari za mkono wangu hawakuuliza. Hata binti yangu wa kumzaa alinipigia simu kutoka Dodoma: "Mama, si ungeitikia tu? Ni neno moja." Nikamwambia, kama ni neno moja, mbona wametembea nalo wazee watatu na mbuzi? Bora lawama kuliko fedheha, na mimi fedheha nilishaimaliza mnadani. Lawama nikazibeba. Shemeji hakukanyaga tena kwangu.

Siku ya kutoa ushahidi ukumbi ulijaa. Walewale wa chooni walikuja wote, hapo hakuna aliyebanwa na haja. Nikaeleza yangu yote, magoti na shikamoo vilevile. Kisha akasimama wakili wa serikali, suti nzuri, Kiswahili laini.

"Mama, ni kweli kijana huyu alikuja nyumbani kwako na wazee, kwa heshima zote, akakuamkia, na wewe mtu mzima ukakataa kuitikia?"

Ukumbi ukaguna. Nikamwona shemeji anatazama chini.

"Ni kweli."

"Hata mara moja?"

"Aliamkia mara mbili. Sikuitikia hata moja."

Akawageukia watu, si jaji. "Mwanamke asiyeitikia shikamoo ya mtoto! Tukiambiwa ndiye aliyeanza ubishi na askari mnadani, tushangae?" Akaketi ameridhika. Na watu walikuwa naye, msidanganyike. Niliona vichwa vinakubali. Nikajua nimekwisha.

Binti wakili wangu akainuka taratibu. "Mama, alikuja kwako kufanya nini?"

"Kuomba yaishe. Alileta na mbuzi."

Hapo yule wa suti akaruka juu, napinga, napinga! Jaji akamwambia, "Hili umelileta wewe mwenyewe. Kaa." Akakaa. Kwa jinsi alivyokuwa na hakika kwamba marahaba itanizika, alisahau kuwa mteja wake ameandika hanijui.

Ilipofika zamu ya askari, jaji hakusubiri mawakili. "Umeandika hukuwahi kumwona mama huyu. Ulimpelekea mbuzi wa nini?"

"Nilikwenda kumsalimia tu, mheshimiwa."

"Kila usiyemjua unamsalimia kwa mbuzi?"

Watu wakacheka mpaka karani akawanyamazisha. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule kijana akitafuta pa kuweka mikono yake, na kusema kweli nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Siku ya hukumu tulikaa kwenye mabenchi tangu asubuhi. Jaji alisoma kurasa kwa kurasa, sheria hii, kifungu kile, nikaanza kusinzia. Kisha nikasikia: "Mahakama hii imeridhika kwamba mdai alipigwa na askari huyu, akavunjwa mkono, bila kosa lolote." Akaendelea na mambo ya fidia. Nikasimama. Binti wakili akanivuta gauni, nikauondoa mkono wake.

"Mheshimiwa, samahani. Hapo pa kupigwa naomba urudie."

"Kwa nini, mama? Hukusikia?"

"Mimi nimesikia. Hao walioko nyuma hawajasikia."

Jaji akatazama nyuma ya ukumbi, walikojazana watu wa mnadani, na wazee, na shemeji. Akafungua tena ukurasa ule akaurudia, neno kwa neno, kwa sauti. Niliusikiliza nimesimama, nimewageukia wao.