Samaki wa Martine

Kila mwaka, mama wa chama cha kanisa wakirudi kutoka Kasenyi, kando ya ziwa, Martine alikuwa analetewa samaki. Tilapia mkubwa wa kukaushwa, amefungwa ndani ya karatasi, na Godelive, prezidante wa chama, ndiye aliyemleta samaki huyo kwa mikono yake mwenyewe. "Ya kwako hii, yaya," alimwambia, kama mtu anavyomwita dada mkubwa. "Tulikukumbuka kabisa!" Miaka kumi na moja, samaki kumi na mmoja. Na mniamini, hakuna samaki anayekwama kooni kama yule unayepewa kwa sababu uliachwa nyumbani.

Martine ni fundi wa nguo pale Mudzipela, Bunia. Miguu yake ilikauka kwa polio akiwa na miaka minne, na tangu ukubwani anatembea na kinga, baiskeli ya matairi matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Mikono hiyo, jamani! Akikusalimia, utaomba akuachilie. Nguo zote ambazo mama wale walivaa kwenda kuliona ziwa, yeye ndiye aliyezishona. Yeye mwenyewe ziwa hakuwahi kuliona, na ni safari ya asubuhi moja tu, kushuka bondeni.

Si kwamba hawakumwalika. Safari moja alikubali. Vijana wa kupakia mizigo wakamshika, mmoja makwapa, mwingine miguu, moja, mbili, hop! juu ya kamio, lile lori la safari, bila kumuuliza neno. Kikwembe alichojifunga kikapanda hadi kiunoni mbele ya watu wote. Martine akasema, "Munishushe." Wakamshusha. Alirudi nyumbani akalia hadi jioni, na akaapa kwamba hatainuliwa tena kama gunia la mihogo. Apande na kinga yake mwenyewe, ao asiende.

Mwaka huu barabara ilitulia kidogo, bila watu wa silaha, safari ikatangazwa. Martine alikuwa ametimiza miaka hamsini na mbili, na subira ilikuwa imemwisha. Siku moja akipeleka suruali ya mteja karibu na soko la ngombe, akaona kamio inarudi kinyumenyume hadi kwenye kilima cha udongo, kile ambacho wafugaji walikijenga zamani kwa kupakia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, ukalala sawasawa na udongo. Ngombe wakaingia polepole, kwa miguu yao. Hakuna aliyewashika makwapa.

Martine alikaa pale hadi ngombe wa mwisho akaingia. "Kumbe!" akasema peke yake, na mchungaji mmoja wa ngombe akamtazama vibaya.

Alipoeleza wazo lake mbele ya chama, Godelive nusura aanguke.

"Aka, yaya! Mama muzima apande fasi ya ngombe, mahali pa mavi? Watu watasema nini?"

"Waseme. Ngombe anapatiwa heshima kuliko mie. Shofere aweke kamio pale, ao munibakishe na samaki yenu."

"Lakini siye tunakupenda, Martine."

"Najua. Munanipenda sana, na munaniacha kila mwaka."

Godelive ana machozi ya karibu, yakamtoka palepale. Ndiye aliyekwenda kumbembeleza Fabien, shofere wa kamio, na ndiye aliyefagia mavi ya ngombe juu ya kile kilima asubuhi ya safari, tena akiwa ndani ya kikwembe kipya.

Fabien akarudisha kamio. Martine akakaza mikono, akazungusha, matairi yakapanda udongo, yakavuka mlango, gruu! juu ya chuma, na akawa ndani. Basi tu. Halafu mngeona maajabu: mama Félicité wa magoti mabovu, ambaye kila mwaka alisukumwa matako na watu wawili, akapanda kwa kilima kilekile. Nyuma yake mama mjamzito. Nyuma yake wote, hata Godelive, na hakuna aliyetaja ngombe.

Kule Kasenyi, Fabien alitafuta mwenyewe ukingo wa udongo ulio sawa na mlango, Martine ashuke kwa matairi yake, bila kuambiwa.

Na ziwa likawa pale, kubwa, na milima ya Uganda mbali upande wa pili. Martine alisogeza kinga hadi tairi la mbele likalowa. Akainama, akachota maji kwa mikono ile, akajinawa uso, akacheka.

Baadaye Godelive alikwenda kwa wauza samaki, kama desturi yake. Akapindua huyu, akanusa yule, akanyanyua tilapia mmoja mnene.

"Hii mukubwa ni ya Martine," akamwambia muuzaji. "Ule dada yetu, maskini, tulimuacha ku nyum—"

Akageuka. Martine alikuwa nyuma yake, hatua mbili tu, matairi yamejaa mchanga.

Godelive akaziba mdomo kwa mkono, samaki ananing'inia katika mkono mwingine.

"Umurudishe," Martine akasema taratibu. "Leo nitajichagulia."

Akachagua mdogo kabisa, wa kuchomwa, akamla palepale mbele ya maji. Alimmaliza mzima, hata kichwa, na samaki akamshuka vizuri kooni.