Nyamizi Niliyemfunza Asilie

Siku moja ya mvua, mwanangu, naikumbuka mpaka leo na bado inanichoma. Tulikuwa tukikaa Kaliua, enzi za Mwingereza, baba akifanya kazi ya reli. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kichwa kigumu, najiona najua kila kitu. Mdogo wangu Nyamizi, mwenye miaka saba, alikuwa na uvimbe kwenye mfupa wa paja. Tulimpeleka hospitali Tabora, wakatuambia hatapona. Walitupa chupa ya dawa, tumpe matone kumi kila anapoumwa. Mama alishinda kwenye majaruba ya mpunga, hivyo mgonjwa akawa wangu.

Nami nilimtunza kwa sifa. Majirani wakija kumjulia hali, nasema mbele yake, "Huyu shujaa, halii kama watoto wengine." Akikunja uso namwambia, "Nyamizi wangu halii, eti?" Basi anajikaza, halii. Niliona huo ndio upendo, Mungu anisamehe. Wiki nne zikapita, chupa haijapungua.

Ndipo shangazi, dada yake baba, akaja kwa treni kutoka kwake Cheyo, pale Tabora mjini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nikamwonyesha ile chupa kwa majivuno. "Hajaihitaji. Hasumbui kabisa."

Shangazi alikaa mkekani, akashika pindo la khanga aliyojifunika mtoto. Lilikuwa limetafunwa mpaka limebaki nyuzi. Akamuuliza taratibu, "Mwanangu, hayo maumivu yakoje?"

Nyamizi alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Ni siafu," akasema. "Wamo ndani ya mfupa. Wananiuma hata nikicheka. Na uji unanitia kichefuchefu. Lakini dada atanuna nikisema."

Shangazi akanigeukia. "Wewe binti, unamtunza mtoto au unatunza sifa zako?"

Nilianza kulia, nikaona aibu hata ya kulia, maana Nyamizi nilikuwa nimemkataza.

Shangazi akampa matone. Mchana ule Nyamizi alilala ngumi zake zimefunguka, na ndipo nilipotambua kwamba siku zote alilala amezikunja. Aliishi siku sita tu baada ya hapo. Siku sita za nafuu, mwanangu. Zile wiki nne nilimnyima mimi.

Basi ukikabidhiwa mtoto mgonjwa, usimsifu kwa kunyamaza. Watoto huficha maumivu ili wasituhuzunishe, na mtoto anaweza kucheza huku anaumia. Muulize yeye mwenyewe, hata kama mama yake yupo: anaumwa wapi, maumivu yakoje, na nini kingine kinamsumbua. Kesho muulize tena. Akikujibu kitoto, mwamini, na dawa aliyoandikiwa mpe, usione fahari kuibakiza. Wengine hawaponi, hilo haliko mikononi mwetu, lakini kumwacha ateseke peke yake ni kosa letu.

Mungu akupe moyo wa kusikia usiyopenda kuyasikia, na asiwepo mtoto atakayeogopa kukuambia anaumwa. Amina.