Friji Zisizojua Toleo Lao

Kitinda mimba wangu, ambaye nyumbani tunamwita Bibi kwa jinsi alivyokuwa akinuna tangu utotoni, anaandika programu za kompyuta. Anafanyia kazi kwenye meza ya chakula. Programu yake inakaa kwenye kidude kinachofungwa kwenye friji za chanjo za zahanati na kuzichunga: joto likipanda, king'ora kinalia.

Asubuhi moja nilimkuta pale mezani, chai imepoa mpaka imefanya utando. Msimamizi wake alikuwa anafoka kwenye simu iliyowekwa spika.

"Toleo la zamani la programu halipigi king'ora. Friji zipi bado zinalo?"

"Kaka, nikiziuliza, zote zinajibu 'haijulikani'."

"Basi na kazi yako tuiite haijulikani. Nataka friji zote ziwe sawa kabla ya jioni."

Alikata. Nikavuta kiti.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama, namba ya toleo siiandiki ndani ya programu. Naacha nafasi yenye neno 'haijulikani', halafu wakati wa kuijenga, amri ndiyo inajaza namba. Lugha ninayotumia, Go, inataka amri itaje mahali hasa nafasi ilipo. Mwezi uliopita nilipanga upya mafaili nikaihamisha. Amri ikabaki inataja mahali pa zamani, na kila toleo nililojenga tangu hapo, zima na bovu, limetoka bila namba."

"Na haikulalamika?"

"Ingelalamika ningeshukuru. Imenyamaza tu, kama baba akiulizwa nani kamaliza sukari."

Nilicheka peke yangu.

Alirekebisha amri, akajenga upya, akaiuliza programu. Ikataja namba. Nilidhani yamekwisha, kumbe wapi. Friji zilizokuwa huko nje hazikuweza kujieleza, nzima wala mbovu. Ilibidi zote zipelekewe toleo jipya, hata zisizo na kosa, na kila zahanati muuguzi apigiwe simu azime na kuwasha kile kidude cha kwenye friji ili toleo jipya lianze kazi.

"Nina foleni ya watoto wanalia hapa," mmoja alimjia juu, "na wewe unataka nichezee vidude?"

"Dakika moja tu, dada yangu. Nakuomba."

Alishinda akiomba hivyo, mpaka sauti ikakauka. Mimi nilijifanya nafuta kabati lililokuwa safi, nikimwangalia macho yake yanavyozidi kuingia ndani. Chakula cha mchana alikigusa tu.

Jua lilipokuwa linazama msimamizi alipiga.

"Zote?"

"Zote, kaka. Na kuanzia leo nikishajenga, programu inaulizwa namba yake kwanza. Ikijibu 'haijulikani', haitoki hapa."

Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Haya. Kesho tuendelee na zahanati zile mpya."

Hilo "tuendelee" nililisikia vizuri. Nikarudi jikoni kupakua. Nilipoleta sahani, Bibi alikuwa ameshalala, shavu juu ya mkono, kompyuta bado inawaka. Nikaifunika sahani, nikakaa pembeni yake.