Nilimchagulia mwanangu mtaala wa homeschool hapa Stockholm, akaishia kuacha kusoma kwa sauti

Wakuu, salaam kwenu mlioko nyumbani na sisi tulioko kwenye baridi.

Hiki kisa sijakitia chumvi. Kuna sehemu naonekana mtu mbaya, na nimeiacha hivyohivyo.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Naishi Vårby gård, nje kidogo ya Stockholm, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia. Mke wangu Wanjiru ni Mkenya wa Nakuru, anafanya usafi hotelini. Tuna binti mmoja, Neema, ana miaka saba, yuko darasa la kwanza.

Mwaka jana kibali changu cha kazi hakikuongezwa. Kiwango cha mshahara kinachotakiwa kilipandishwa, wangu haufiki, na mke na mtoto wanaishi kwa kibali hichohicho. Tukakata rufaa, lakini mwanasheria alituambia wazi tusijipe matumaini.

Usiku ule sikuwaza kazi wala nyumba. Niliwaza Neema. Mtoto kazaliwa huku, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Nikimpeleka Morogoro kesho, atakaa darasa gani?

Ndipo nikaanza kutafuta curriculum ya kumfundisha nyumbani.

Niweke sawa jambo moja kabla hamjanishukia. Huku Sweden homeschool haikubaliki, labda uwe na sababu nzito mno. Kwa hiyo Neema aliendelea na shule yake kama kawaida, akirudi ndio tunaanza "shule ya baba", masaa mawili kila siku.

Wiki mbili nzima nilikuwa kwenye simu nalinganisha mitaala. Ya Kiingereza ya mtandaoni ilikuwa nzuri, bei yake acha tu. Wanjiru alitaka ya Kenya, kwa sababu dada yake ni mwalimu na angetusaidia. Mimi nikang'ang'ania ya Tanzania, KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili. Nilisema tunaenda Morogoro, hatuendi Nakuru. Jamaa mmoja aliyetoka likizo Dar akaniletea vitabu, madaftari nikanunua madukani Skärholmen, jirani na kwetu.

Wanjiru aliniuliza swali moja tu.

"Na mtoto utamwambia ni ya nini?"

Nikamjibu, "Simwambii, tusimtie hofu. Rufaa ikikubaliwa je?"

"Baba Neema, huyu mtoto si mjinga. Si umwambie tu ukweli?"

Sikumwambia.

Sasa wakuu, kuna kitu sikukijua. Neema alikuwa msomaji hatari kwa Kiswidi. Lakini kwa Kiswidi, K ikifuatwa na I inasomwa karibu na SH, na J inasomwa Y. Kwa hiyo siku ya kwanza kafungua kitabu, "kisu" akasoma "shisu". "Jembe" akasoma "yembe".

Nilicheka. Na yeye akacheka.

Wiki ya tatu nikawa sicheki tena. Nilikuwa natoka kazini nimeinua wazee mchana kutwa, mgongo unawaka, halafu nakaa mezani nasikia "shitabu, shitabu". Nikaanza kupandisha sauti. Nikamwandikisha neno moja mara hamsini, kama nilivyofanywa mimi.

Siku moja nilimpiga na rula kwenye vidole.

Najua kuna wadau watasema mbona sisi sote tulichapwa na tuko salama. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Ila Neema hakulia. Alivuta mkono, akauweka chini ya meza, akaendelea kusoma kwa sauti ndogo sana. Ile sauti ndogo ndiyo ninayoisikia mpaka leo.

Wanjiru alikuwa jikoni, akaja.

"Ukirudia hiyo kitu, mimi mwenyewe nitawapigia simu watu wa ustawi wa jamii. Na sitanii."

Sikurudia. Lakini masomo sikuyaacha. Nilijiambia muda ni mchache.

Mwezi wa pili mwaka huu nikaitwa shuleni. Mwalimu wake, Gunilla, mama wa makamo mpole, alinikalisha kwenye viti vya watoto, magoti yananigusa kidevu.

Akaniambia Neema amekataa kusoma kwa sauti darasani. Wiki ya tatu sasa. Ilianza siku walipokuwa wanasoma habari ya kifaranga. Kwa Kiswidi kifaranga ni "kyckling", na ile K ya mwanzo ni laini, kama SH. Neema akaisoma K ngumu, ya Kiswahili, kama nilivyomkomalia mimi. Darasa zima likacheka. Akafunga kitabu.

"Alikuwa msomaji wangu bora," Gunilla akasema. "Kuna nini nyumbani?"

Nikamweleza kuhusu kibali, rufaa na masomo ya jioni. Rula sikuitaja. Niseme ukweli, niliogopa, maana huku kumpiga mtoto ni kosa kisheria.

Akauliza, "Neema anajua kwamba mnaweza kuondoka?"

Nikasema hapana.

"Sasa yeye anafikiri anafundishwa kwa sababu gani?"

Nilikuwa nimelinganisha mitaala mitatu, wakuu, na hilo swali sikuwahi kujiuliza.

Jumamosi tukamkalisha. Wanjiru ndiye aliyesema. Akamweleza kwamba huenda tukahamia Tanzania, na baba alitaka asipate shida shuleni huko.

Neema akamwangalia mama yake, akauliza kwa Kiswidi, "Kwa hiyo si kwa sababu mimi ni mjinga?"

Miezi mitano mtoto wangu alikaa mezani kila jioni akiamini anaadhibiwa kwa ujinga.

Nilimwomba msamaha. Akasema "okej", kama wanavyosema watoto wa huku. Halafu akauliza, "Huko Morogoro wanasoma kwa sauti?"

Nikasema ndiyo, wanasoma kwa sauti, darasa zima pamoja. Akashuka kwenye kiti akaenda chumbani kwake.

Rufaa ilikataliwa mwezi wa nne. Shule zikifungwa tunaondoka. Vitabu nimeviweka kabatini. Sasa hivi mama yake anapika naye akimsemesha Kiswahili, basi. Siku nyingine anajibu neno mojamoja. Kusoma anasoma kimya, midomo haitikisiki. Gunilla anasema tumpe muda. Muda ndio hatuna.

Nilichojifunza: kabla hujachagua mtaala, mwambie mtoto ukweli. Nilidhani namkinga na hofu, kumbe nilimwachia hofu nyingine mbaya zaidi, akae nayo peke yake.

Wenye kunisema nisemeni, nitasoma yote. Lakini kama uko Morogoro na unaijua shule ambayo mtoto akinyamaza mwalimu anamsubiri, naomba uiandike hapa chini. Ya serikali, ya binafsi, yoyote ile.